Shangazi Alijua Kilichomo Chunguni

Supu ilikuwa ya mifupa ya nguruwe, na Seif alikuwa ameshakunywa nusu bakuli.

Hapo ndipo mlipomwacha Jumamosi iliyopita: kijiko hewani, mvuke usoni, na dada yake Fauzia amesimama mlangoni pa mgahawa wa Kichina, mwamvuli unachuruzika, akimwambia neno moja tu. "Tema."

Hakutema. Funda lilikuwa limeshashuka.

Aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayetua mzigo huku akijua ataubeba tena. Hakupiga kelele. Ni mtu wa Tanga aliyezeekea kando ya barabara za Marshalltown, Johannesburg, akiuza mikanda na chaja za simu, na kelele zake zote alishazimalizia kwa wateja. Alichobakiza ni miguu inayovimba na binti mmoja.

Binti ndiye Shufaa. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg, na mama yake alifariki mtoto hajaota meno. Fauzia akamchukua, akamlea. Mpaka leo Shufaa analala chumba kimoja na shangazi yake, katika fleti ya Fauzia kule Berea, na Seif analala chumba cha pili, dada yake akiwa ndiye mwenye nyumba. Mpango wa Seif ulikuwa mmoja tu: amwozeshe Shufaa kwa mtu mwema, kisha arudi Tanga akakae kivulini, miguu juu ya mkeka.

Mtu mwema alishapatikana. Jina lake Parfait, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa jengo la ofisi, kijana asiyenywa na asiyegombana, aliyesilimu mwaka jana na hakosi sala ya Ijumaa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya posa kujibiwa. Parfait ndiye aliyechagua mahali, huku mwisho wa mtaa wa Commissioner, kwa Wachina wa zamani, kwa sababu aliwahi kumsikia Seif akilalamika kwamba tangu aondoke Tanga hajala kamba wa maana. Wonton za mgahawa huu zina kamba wazima wazima, wamefungwa ndani ya unga mwembamba kama ngozi ya kitunguu, zinaogelea na tambi za mayai kwenye bakuli kubwa kama beseni.

Zilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuudhi Seif kuliko yote. Dini aliijua vya kutosha: aliyekula bila kujua hana dhambi. Lakini hakuna aliyemfundisha afanye nini na utamu uliobaki ulimini.

"Mifupa ya nguruwe," alisema Fauzia, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Inachemka tangu asubuhi. Mnaomba binti wa watu, mnamlisha baba yake nguruwe."

Parfait alikuwa amesimama. Rangi ilimtoka. Alisema aliwaambia wenye mgahawa, tena kwa kurudia, wasiweke nyama ya nguruwe ndani ya wonton, na wakamwahidi kamba watupu.

"Niliuliza nyama, baba," alimwambia Seif. "Mchuzi sikuufikiria."

Ruphin, mshenga wake, akaona bora aingilie. Ruphin ni fundi cherehani wa Joubert Park, Mkatoliki, mtu wa tumbo kubwa na maneno matamu, na kazi ya ushenga aliipokea kwa bidii kama aliyezaliwa Pwani.

"Papa Seif, haiko kosa ya kijana. Iko yangu," alisema. "Sisi kule kwetu tunakulaka kila kitu yenye kutembea. Njo maana hatukuwazia mchuzi."

Seif karibu acheke. Fauzia hakucheka.

Mwenye mgahawa akaitwa. Wote humwita Mama Fong, bibi mfupi mwenye nywele nyeupe, mzaliwa wa Johannesburg kama mama yake kabla yake. Alikuja akipangusa mikono kwenye aproni. Kwa Kiingereza chake cha hapa hapa alieleza kwamba wonton zilikuwa za kamba tu, kama walivyokubaliana, na kwamba alizifunga mwenyewe kwenye ubao uliooshwa. Akaulizwa, na supu je?

Mama Fong akafungua mdomo. Kisha akamwona Fauzia.

Akaufunga.

Akamtazama tena, kwa kituo, kama mtu anayetafuta amemwona wapi mtu fulani na ghafla amekumbuka. Halafu akamgeukia Seif, akamwambia aje nyuma asukutue, kuna bomba la maji safi.

Seif akamfuata. Alikuwa amechoka mno kubisha.

Nyuma palikuwa na joto la jiko na harufu ya tangawizi. Chungu chenyewe kilikuwa pale, kirefu kama pipa, kikitokota bila haraka. Seif alisukutua, akatema, akasukutua tena. Alipoinua uso, Mama Fong alikuwa bado amesimama pembeni na taulo.

Alimwuliza, yule mama mwenye mwamvuli ni nani wake? Seif akasema ni dada yake. Mama Fong akauliza, ndiye shangazi wa bibi harusi? Seif akaitika.

Hapo Mama Fong akayatoa yote. Parfait alipokuja kuagiza chakula, alimwambia kwamba kwa watu wa Pwani mwenye neno kwa binti ni shangazi, na kwamba huenda shangazi huyo akapita kukagua. Akipita, aonyeshwe kila kitu. Akikataa chochote, kiondolewe.

Na shangazi alipita, katikati ya wiki.

"Nilimfunulia chungu hiki," alisema Mama Fong. "Nikamwambia: mifupa ya nguruwe, samaki mkavu, maganda ya kamba. Nikamuuliza kama kaka yake atakunywa. Hakunijibu. Alinishukuru, akatoka. Mtu mwenye neno hakusema hapana. Nikajua ni sawa."

Seif akapokea taulo. Akajipangusa uso, ingawa uso haukuwa umelowa.

Ndugu msomaji, kuna hasira ya kijana, ambayo hupanda kichwani, na kuna hasira ya mtu mzima, ambayo hushuka magotini. Ya Seif ilishuka. Alikunja taulo, akaliweka kando ya sinki, kisha akarudi mezani.

Alikuta Ruphin akimsihi Fauzia. Alikuwa akitoa mapendekezo: posa ianze upya, nyumba nyingine, chakula kingine, achinjwe mbuzi, mchinjaji awe imamu mwenyewe. Fauzia alikuwa ameangalia dirishani. Parfait alimwita shangazi, kwa adabu, akaambiwa kwa adabu ile ile kwamba yeye si shangazi yake.

Seif akakaa. Akalisogeza bakuli pembeni.

"Fauzia," alisema. "Ulikuja hapa Jumatano?"

Dada yake alikuwa bado anaangalia dirishani. Nje, mvua ilikuwa inapiga kwenye paa za teksi zilizosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Taa zilibadilika, teksi zikaondoka, nyingine zikaja.

"Nilikuja," alisema.

"Ukafunuliwa chungu."

"Nikafunuliwa."

Parfait akamwangalia Ruphin.

"Na leo umesimama nje," aliendelea Seif, sauti haipandi, "mpaka nimekula, ndipo ukaingia."

"Nimesimama pale kwenye robot. Nimekuona unavyokula. Sijakuona ukila hivyo miaka."

"Ungeniambia asubuhi, wakati unanipa chai."

"Ningekuambia asubuhi ungefanya nini, kaka? Ungempigia simu, angebadilisha mgahawa, mngekula pilau, na neno la kukubali lingetoka. Wewe husikii mpaka uungue."

Kisha akasema aliyotaka kusema, naye hakuyasema kwa ukali. Alisema Parfait si mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu mbaya ungemfukuza. Huyu hakufanya kwa ubaya, alifanya kwa kutojua, na nyumba atakayoingia Shufaa itakuwa hivi kila siku: mama mkwe wa Lubumbashi mwenye upendo na sufuria yake, mawifi na sufuria zao, kila mmoja akiapa kwamba nyama ameitoa, na hakuna atakayekumbuka mchuzi. Alisema alitaka Seif aonje mwenyewe, kwa ulimi wake, kile anachompelekea binti.

Parfait akaomba ruhusa ya kusema. Alisema angejifunza. Alisema leo amejifunza mchuzi, kesho atajifunza kingine, na kama shangazi angekubali kumfundisha asingeona haya.

Lilikuwa jibu la mtu mzima. Seif alilisikia, na ndani yake kitu kikaamua. Pengine hakikuamua. Pengine kilichoka tu kusimama.

Fauzia alilisikia pia. Aliinama karibu na kaka yake, akashusha sauti.

"Twende nyumbani, kaka," alisema. "Kuna mengine. Nakuomba usinitake niyaseme mbele za watu."

Hapa, msomaji wangu, ndipo Seif alipokosea. Si kwenye supu. Ni hapa. Mtu wa Pwani akiambiwa na dada yake maneno yale anajua ainuke. Shangazi akisema kuna mengine, basi yapo. Baba yake Seif angeinuka. Seif mwenyewe, mwaka jana, angeinuka.

Lakini alikuwa amechoka kupanda ngazi za Berea kwenda kusikiliza mengine. Mengine hayakuwahi kumpa usingizi. Aliona dada yake aliyemlisha haramu makusudi, akaona kijana aliyekosa bila kujua na kuomba radhi, akapima kama apimavyo mkanda kiunoni kwa mteja.

"Yaseme hapa," alijibu.

Fauzia akatikisa kichwa.

"Basi huna," alisema Seif. Akamgeukia mshenga. Alikaa wima, kama alivyofundishwa. "Ruphin, wewe ni shahidi. Parfait amekuja kwangu, ameomba Shufaa. Mimi baba yake nimekubali. Nimetoa neno."

Ruphin alishika kifua kwa mikono miwili. Parfait alipiga magoti pale pale kwenye vigae, akashika mkono wa Seif, akaubusu. Watu wa meza za jirani waligeuka. Neno la baba mbele ya mshenga halirudishwi. Hata Mkatoliki wa Joubert Park alilijua hilo.

Fauzia alisimama. Alichukua mwamvuli wake. Hakulia, wala hakulaani, na Seif angefurahi kama angefanya mojawapo.

"Sawa, kaka," alisema. "Umekuwa na neno mbele za watu. Na mimi ninalo, nyumba ni yangu. Leo usije kulala. Vitu vyako nitavifunga vizuri, utavikuta kwa mlinzi chini."

"Unanifukuza kwa ajili ya mkwe?"

"Nakupumzisha na ngazi," alisema Fauzia, akatoka.

Walimwona akivuka robot bila kuangalia taa. Pikapu moja, bakkie kama wanavyoiita hapa, ikapiga honi. Hakugeuka.

Ruphin akaanza kumfariji Seif. Alisema watu wa nyumbani hukasirika, halafu hupoa, na kwamba kwake kuna godoro, Papa Seif atalala kama mfalme katikati ya suti za harusi ambazo hazijachukuliwa. Parfait alikuwa ameshatoa simu. Aliomba ruhusa ampigie mama yake Lubumbashi. Seif akampa.

Na yeye mwenyewe akatoka nje, akasimama chini ya kibaraza, ampigie Shufaa. Binti alikuwa kazini, duka la viatu, lakini saa ya chakula ilikuwa imefika na alipokea haraka.

"Baba, umekula?" aliuliza.

Seif akasema amekula. Kisha akamsimulia yote kwa mpangilio. Kamba, chungu, Jumatano, robot. Alimweleza alichofanya shangazi yake, na hakukifanya kikubwa wala kidogo kuliko kilivyokuwa. Akamweleza jibu la Parfait. Mwisho akamwambia kwamba neno limetoka, kwamba sasa ni mchumba wa mtu, na Mungu ambariki.

Upande wa pili kukawa kimya.

Seif akatabasamu, tabasamu la kwanza la siku ile. Mwali akinyamaza amekubali. Hivyo ndivyo mama yake Shufaa alivyokubali, kule Tanga, akiwa amejifunika kanga mpaka puani. Hivyo ndivyo Shufaa mwenyewe alivyofanya mwezi uliopita, baba yake alipomtajia posa kwa mara ya kwanza: aliangalia chini, hakusema kitu, na Seif akaenda kumwambia mshenga aendelee.

"Baba," alisema Shufaa, "shangazi hakufanya kwa ajili yake mwenyewe."

"Amefanya kwa ajili ya nani?"

"Mimi ndiye niliyemwomba."

Seif akaihamishia simu kwenye sikio la pili. La kwanza lilikuwa limepata joto.

Shufaa alizungumza haraka, Kiswahili kikimkwama na Kiingereza kikimjazia mapengo, kama watoto wote wa hapa. Alisema hampendi Parfait. Alisema hana kosa lolote, ni mtu mzuri, anamsalimia vizuri, anamfungulia mlango. Simtaki tu, baba. Akasema alimwambia shangazi usiku mmoja wakiwa wamelala, taa imezimwa, kwa sababu shangazi amemfundisha tangu utotoni kwamba binti wa Pwani hamwambii baba yake hapana. Anamwambia shangazi, na shangazi atatafuta njia.

Shangazi akaitafuta. Alitaka njia ambayo Parfait asingejua kwamba amekataliwa na msichana, na Seif asingejua kwamba amevunjwa moyo na mwanawe. Iliyopatikana ni ile ya chungu. Alimwambia Shufaa, waache wanichukie mimi, nimezoea.

"Mbona hukuniambia wewe?" aliuliza Seif. "Nilikuuliza. Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na neno ambalo lisingekuumiza. Kunyamaza kwangu si kukubali, baba. Mimi sikukulia Tanga."

Nyuma ya kioo, Ruphin alikuwa amenyang'anya simu ya Parfait na anacheza nayo dansi. Kutoka Lubumbashi vigelegele vilikuwa vinatoka kwa nguvu mpaka vinasikika mtaani. Mama Fong alileta sahani ya machungwa yaliyokatwa, bila kuagizwa, kwa ajili ya heri.

"Basi rudi ndani uwaambie," alisema Shufaa. "Waambie tu, baba. Sasa hivi, kabla hawajafurahi sana."

Seif akasikiliza vigelegele vile. Akamwangalia kijana aliyekuwa akijifuta machozi kwa kona ya leso ya mezani. Alipima tena, na safari hii mkanda haukumtosha mtu yeyote.

"Nimeshatoa neno, mwanangu," alisema. "Mbele ya mshenga."

Alisikia mlio mfupi wa simu iliyokatwa.

Basi haya ndiyo aliyopoteza mchana ule, na tuyahesabu bila kuyaremba. Dada mmoja, aliyemlelea mtoto na kubeba lawama zisizo zake. Chumba cha Berea. Safari ya Tanga, ambayo haiwezi kuanza sasa wala karibuni. Neno lake mwenyewe, ambalo akilitimiza anamuuza mwanawe, na akilirudisha anamvunja kijana asiye na hatia. Na Shufaa, ambaye tangu apate simu hakuwahi kumkatia baba yake, hata siku moja.